Sura ya Sita: Waya wa Cairo, Uzi wa Nanga

Kahawa ya mwaka 1986 ilipolipwa, babu yangu alishuka mjini Kayanga, Karagwe kwetu, kwa miguu, akarudi jioni na redio kaseti begani, ameifunga kwa khanga ya bibi isiingie vumbi. Ilikuwa ya spika mbili na ilikula betri kubwa sita. Kwetu betri zilikuwa mali. Zikichoka tulizianika juani juu ya bati, na usiku zikatupa nusu saa nyingine ya taarifa ya habari.

Wiki chache baadaye kulikuwa na harusi kwa jirani. Akaja mzee mmoja kutoka upande wa Kaisho, ambako leo ni Wilaya ya Kyerwa, nanga yake, ala ya nyuzi, kwapani. Babu alitia kaseti mpya, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akaisogeza redio mpaka karibu na goti la mzee. Mzee aliimba karibu saa nzima. Sisi watoto, tuliozoea kufukuzwa shughuli za wakubwa zikianza, usiku ule hatukufukuzwa.

Miezi mitatu ikapita. Nilikuwa na umri wa miaka 11 na kiu kubwa ya muziki wa dansi. Babu alikuwa amevunja vile vijino viwili vya juu ya kaseti ili isirekodiwe tena, lakini kila mtoto wa wakati ule alijua kwamba ukiziba matundu yale kwa karatasi, mashine inakubali. Nikaziba. Nikangoja kipindi cha muziki redioni, nikabonyeza, nikajaza nyimbo za bendi juu ya usiku wa yule mzee.

Babu hakunichapa. Aliketi akaisikiliza kaseti yote, wimbo baada ya wimbo, maana alijua jambo nisilolijua mimi: wimbo wangu wa mwisho uliisha kabla ya ukanda kuisha. Mwishoni kulibaki nanga ya kama dakika moja. Na betri zilikuwa zinakata roho. Ukanda ukapunguza mwendo, nanga ikashuka, ikazama, ikawa kama ngoma kubwa inayopigwa chini ya maji. Sauti ya mzee ikarefuka hata neno moja likamaliza pumzi nzima. Kisha kimya.

Nimeishi na dakika ile mpaka leo. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma historia ya muziki wa kielektroniki, niligundua kwamba kubadili mwendo wa sauti iliyorekodiwa ili izae sauti nyingine ni miongoni mwa mbinu zake za kwanza kabisa. Kuna watu walioandikiwa vitabu kwa sababu hiyo. Sura hii ni ya wale ambao hawakuandikiwa.

Historia hiyo kwa kawaida huanzia Paris. Tarehe 5 Oktoba 1948, redio ya Ufaransa ilirusha kazi za mhandisi wake, Pierre Schaeffer, zilizotengenezwa kwa vishindo na milio iliyorekodiwa, mojawapo ikiwa ya magari ya moshi. Msimulizi akimaliza Paris huenda Cologne, akavuka bahari hadi New York, na humo mote msomaji wa Kiafrika hukaa kama mgeni anayeoneshwa nyumba ya watu. Ndivyo nilivyokaa mimi, mpaka nilipokutana na jina la Halim El-Dabh.

El-Dabh alizaliwa Cairo mwaka 1921. Masomo yake chuoni yalikuwa ya uhandisi wa kilimo, na kazi ilimpeleka vijijini, kwa wakulima. Jambo hilo halitajwi sana, nami naliona kubwa. Mtu aliyetangulia Ulaya katika fani hii alikuwa bwana shamba, mtu wa kuulizwa habari za wadudu na mavuno, ambaye jioni alipiga piano na kusikiliza jinsi watu wa kijiji wanavyoimba.

Mwaka 1944, miaka minne kabla ya Schaeffer kusikika, El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya kutoka ofisi za redio mjini Cairo. Ilikuwa mashine nzito, ya zama ambazo ukanda wa plastiki ulikuwa bado haujaenea. Sauti ilihifadhiwa kwenye waya wa chuma mwembamba kama unywele, unaopita mbele ya sumaku na kujiviringisha kwenye kibiringo. Kurekodi saa moja kulihitaji waya wa zaidi ya kilomita 2. Ukikatika, unafungwa fundo na kazi inaendelea.

Aliibeba mashine hiyo hadi kwenye zaar. Kwa msomaji wa Karagwe neno hilo halihitaji maelezo marefu. Zaar ni shughuli ya kumtuliza pepo aliyempanda mtu, kwa ngoma, kwa nyimbo, kwa uvumba. Waimbaji na wahudhuriaji wengi ni wanawake, nayo imeenea Misri, Sudan na Ethiopia. Watu wa pwani wana ngoma zao za pepo. Sisi tuna kubandwa, na majina ya Wamara, Mugasha na Ryangombe bado yanatajwa kwa sauti ya chini hata na watu waliobatizwa. Kwa hiyo najua El-Dabh alisikia nini: ngoma isiyobadilika kwa muda mrefu mpaka mwili wa msikilizaji unaanza kubadilika wenyewe.

Aliporudi studio na waya wake, hakuridhika na kuuchezesha tu. Studio ya redio ilikuwa na chumba cha mwangwi na kuta zinazosogezwa. Alizisogeza. Alirekodi upya kile alichorekodi, akaondoa sauti ya msingi ya waimbaji na kubakiza zile sauti nyembamba zinazoelea juu yake, zile ambazo sikio huzisikia bila kujua kwamba linazisikia. Kilichotoka hakikuwa tena kumbukumbu ya shughuli ya zaar. Kilikuwa muziki mpya, na mwaka huo huo wa 1944 ulisikilizishwa mbele ya watu Cairo. Kipande chake cha kama dakika mbili kilichobaki kilitolewa kwenye santuri ndogo ya dijitali mwaka 2000, miaka 56 baada ya kazi yenyewe.

Wengine watasema kijana mmoja na mashine ya kuazima si mwanzo wa fani, maana hakuanzisha shule wala nadharia. Siikubali hoja hiyo. Nadharia ya Schaeffer ilisambaa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na redio ya serikali, mishahara na wachapishaji. El-Dabh alikuwa na waya wa kuazima. Tukipima kwa sauti yenyewe, alitangulia. Na Wamarekani waliomsikia walilijua hilo: alikwenda Marekani mwaka 1950 kwa ufadhili wa masomo, na miaka hiyo ya 1950 haijaisha Otto Luening na Vladimir Ussachevsky wakamwalika katika kituo cha muziki wa kielektroniki cha vyuo vya Columbia na Princeton. Huko alitengeneza kazi yake kuhusu Leyla na mshairi, iliyotoka kwenye santuri mwaka 1964. Watalii wanaokwenda usiku kutazama maonesho ya taa kwenye piramidi za Giza wamesikia muziki wake kwa miongo mingi, wengi wao bila kumjua.

Kisha akaja kwetu, Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifundisha Addis Ababa, na mwaka 1963 akaanzisha Orchestra Ethiopia, kundi lililowakalisha pamoja wapiga ala za huko, krar, masenqo, washint na kebero, kutoka makabila ambayo awali kila moja lilipiga kivyake. Mtu aliyetoka kwenye maabara ya mitambo ya kisasa kabisa duniani alikwenda kuketi na wapiga zeze. Kwake hayakuwa mambo mawili. Mashine ilikuwa njia ya kusikiliza, na zeze vilevile. Alifariki Kent, Ohio, mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 96.

Lakini hapa nataka tusimame kidogo. Kazi ya 1944 ina jina la El-Dabh, na anastahili. Wanawake walioimba zaar ile hawana jina. Sauti zilizochujwa kwenye chumba cha mwangwi zilikuwa makoo yao, na ufundi wa kuiendesha ngoma mpaka pepo apande ulikuwa wao, wameurithi na kuunoa. Ulaya ilimsahau El-Dabh. Waya wa El-Dabh ukawasahau wao. Nadhani mtu anayelalamikia usahaulifu wa kwanza ana wajibu wa kuutazama na wa pili.

Nanga inanisaidia kulifikiri jambo hili. Nanga ya Karagwe na Buhaya huchongwa kwenye kipande kimoja cha mti, kikawa kama sinia refu lenye meno ncha zote mbili. (Ennanga ya Waganda ni kitu kingine, ile ina shingo iliyopinda kama upinde, kilichofanana ni jina.) Mtu akiitazama huhesabu nyuzi saba au nane. Kumbe ni uzi mmoja tu, unaopitishwa kwenye jino la huku, ukavutwa hadi jino la kule, ukarudi, mpaka unaisha. Ni kama waya wa Cairo: urefu mmoja umebeba sauti zote, na ukikatika mahali pamoja, zote zinalegea.

James Grant aliisikia nanga hii. Alifika Karagwe pamoja na John Speke mwezi Novemba 1861, wakapokewa na Omukama Rumanyika. Speke aliendelea na safari kwenda Buganda mwezi Januari. Grant alibaki hadi Aprili, kidonda cha mguu kimemlaza. Mtu aliyelala husikiliza sana. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1864, aliieleza nanga aliyoisikia, akasema nyuzi sita kati ya saba zilikaa sawasawa kwenye ngazi ya muziki anayoijua, na wa saba peke yake ndio uliokosea.

Uzi wa saba haukukosea. Mpiga nanga aliyetegesha sita barabara hashindwi na wa saba. Aliutegesha palipokuwa pake, mahali ambapo piano haina kitufe. Miaka zaidi ya 80 baadaye El-Dabh alikuwa kwenye studio ya Cairo akizitafuta sauti za mahali hapohapo, na baada yake wataalamu wa Ulaya na Marekani walitumia fedha nyingi kutengeneza mitambo ya kuwatoa kwenye vitufe vya piano. Bweranyange, kwa Rumanyika, palikuwa na mtu ambaye hakuwahi kufungiwa humo. Sisi shuleni tulifundishwa jina la Speke, jina la Grant, jina la Rumanyika. La mpiga nanga hatukufundishwa.

Ukipita Ngara ukavuka mpaka, unaingia Burundi, na huko ndiko jambo hili lilikotokea kwa namna inayouma zaidi. Schaeffer yuleyule ndiye aliyeanzisha shirika la redio za makoloni ya Ufaransa, ambalo ndani yake ilizaliwa lebo ya Ocora. Mwaka 1967 watu wa Ocora walikwenda Burundi na vinasa sauti. Walirekodi wapiga ngoma. Walirekodi pia inanga ya kunong'ona, ambayo mpigaji haimbi kwa koo, anatoa pumzi yenye maneno na nyuzi ndizo zinazobeba lahani. Inanga hiyo hailengi umati. Ni ya chumbani, ya watu wanne au watano waliokaribiana, na bila kipaza sauti isingesikika hata mlangoni. Kwangu hiyo ndiyo rekodi nzuri kuliko zote za santuri iliyotokana na safari ile, na naisikitikia kwa sababu dunia haikuichukua hiyo. Ilichukua ngoma.

Mwaka 1971 ilitoka Ulaya santuri iliyoitwa "Burundi Black". Mtengenezaji alizichukua ngoma za Ocora kama zilivyo, akaongeza vinanda na magitaa juu yake, akaitoa kwa jina la Burundi Steiphenson Black, nayo ikaingia kwenye chati ya Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji mkubwa wa Canada, alichukua rekodi za ngoma hizohizo akazizungusha chini ya sauti yake na sinthesaiza ya Moog katika wimbo "The Jungle Line". Wanahistoria huutaja wimbo huo miongoni mwa mifano ya mapema kabisa ya kukata kipande cha rekodi ya mtu na kukijengea wimbo, jambo ambalo leo kila prodyuza hulifanya kabla ya chakula cha mchana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa London, Adam and the Ants na Bow Wow Wow, walijipatia umaarufu kwa mapigo yaliyotoka kwenye ngoma hizo.

Hesabu mwenyewe. Mapigo ya Burundi yalipita kwenye santuri ya Wafaransa, yakaingia studio za Uingereza na Marekani, yakawa mtindo. Njia nzima hiyo ina majina: Schaeffer, Steiphenson, Mitchell, Moog aliyetengeneza sinthesaiza. Mahali pa wapigaji pameandikwa jina la nchi. Nchi haipigi ngoma. Ngoma inapigwa na mtu mwenye mabega, mwenye mama, mwenye kijiji. Joni Mitchell simlaumu kwa kuupenda muziki ule. Nami naupenda wimbo wake. Ninachosema ni kwamba katika historia ya kielektroniki, yule anayeingiza sauti kwenye mashine ameitwa malighafi, na yule anayeitoa ameitwa mwanzilishi. Mtu wa mkoa wetu wa Kagera anauelewa mpangilio huo vizuri, maana ndio mpangilio wa kahawa.

Ndio pia mpangilio wa bati. Kyerwa, wilaya iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ina madini ya bati, na watu wamekuwa wakiyachimba tangu wakati wa ukoloni. Bati ndiyo sehemu kubwa ya ule waya laini ambao fundi redio huuyeyusha kuunganisha vifaa ndani ya redio. Kila kinanda cha umeme, kila meza ya kuchanganyia sauti, kila kompyuta imeshikanishwa kwa bati. Nilipokuwa kijana Omurushaka nilikaa saa nyingi kwenye kibanda cha fundi redio nikinusa moshi ule mtamu wa kulehemu. Alikuwa akizipa redio zilizokufa spika za redio nyingine, akizifungia ndani ya chungu au ndoo ili besi itoke, na sauti ya duka lake ilisikika mpaka mnadani. Hakuna aliyemwita mwanamuziki. Ila kila aliyetaka harusi yake isikike alikwenda kwake.

Mwenzake wa Kinshasa alibahatika kusikika mbali. Mingiedi Mawangu alitoka kwa Wazombo wa mpakani mwa Congo na Angola na likembe yake, ile ala ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Kinshasa ilikuwa na kelele, likembe haikusikika. Katika kundi lake, Konono No. 1, lililoanza mwaka 1966, vipaza sauti vilitengenezwa kwa mbao na sumaku za vipuri vya magari, spika zikawa za kutangazia mitaani. Mitambo hiyo iliikwaruza sauti, ikaongeza mlio ambao haukuwepo kwenye likembe, na badala ya kuukimbia mlio huo wao wakautegeshea nyimbo. Walirekodiwa mwaka 1978. Dunia ikawagundua mwaka 2004 santuri ya "Congotronics" ilipotoka, na mwaka 2007 walisikika kwenye wimbo wa Björk. Mingiedi alifariki mwaka 2015. Yeye jina lake limeandikwa, na kwa sababu limeandikwa, vijana wanalisoma na kumtaja.

Ulaya yenyewe ilikuwa na waliosahauliwa, na wengi walikuwa wanawake. Daphne Oram alikuwa miongoni mwa walioanzisha karakana ya sauti ya BBC mwaka 1958, akaondoka mwaka uliofuata akajenga mashine yake mwenyewe ya kuchora sauti kwenye filamu. Delia Derbyshire, msomi wa hisabati na muziki, aliomba kazi kampuni ya Decca mwaka 1959 akajibiwa kwamba wanawake hawaajiriwi studio. Mwaka 1963, akiwa BBC, alikata na kuunganisha ukanda kipande kwa kipande akatengeneza muziki wa tamthilia ya Doctor Who. Jina lake lilikuja kuonekana kwenye skrini ya tamthilia hiyo mwaka 2013. Alikuwa amefariki mwaka 2001.

Narudi karibu. Kaskazini mwa Uganda, Otim Alpha alikuwa akipiga larakaraka, ngoma ya harusi ya Waacholi. Baada ya miaka ya vita kukusanya kundi zima la wapigaji kulikuwa ghali, basi yeye na prodyuza Leo Palayeng wakaihamishia larakaraka kwenye kompyuta, mapigo yakiwa yaleyale, kasi ikapanda. Nyimbo hizo zilichezwa kwenye harusi za Gulu kwa miaka mingi kabla ya kutolewa Kampala mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes. Mwaka huohuo lebo hiyo ilitoa "Sounds of Sisso", mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Dar es Salaam, muziki unaokwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Waandishi wa Ulaya waliandika kwamba hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Aliyekulia kwenye vigodoro vya uswahilini alikuwa amekisikia tangu utotoni.

Na Kagera? Mwaka 2001 sauti ya msichana wa Bukoba, Saida Karoli, ilijaza nchi nzima, Kihaya kikaimbwa na watu wa Lindi na Tanga wasiojua neno moja la Kihaya. "Maria Salome" ilikuwa na ngoma ya nyumbani na vyombo vya studio, na masikio ya mjini hayakujua iwekwe rafu gani. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliirudia kwa biti mpya wakaiita "Salome", ikavuka mipaka. Watoto wengi wa leo wanaijua ya pili tu. Ukiwachezea ya kwanza wanashtuka, kisha wanaomba urudie.

Kuna mtu mmoja wa nanga ambaye hakupotea. Habibu Selemani aliimba tendi za Buhaya kwa nanga, na sauti yake ilinaswa mapema, kwa sababu Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine zake za kurekodia, na Tracey alikuwa na desturi ya kuandika: nani amepiga, kabila gani, chombo gani. Baadaye Profesa Mugyabuso Mulokozi alizifuata tendi hizo kijiji kwa kijiji, akazirekodi, akawataja wapigaji kwa majina na kuwachambua kama wasanii. Tasnifu yake kuhusu tendi za nanga ilikubaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, mwaka uleule babu aliponunua redio kaseti. Leo mwanafunzi wa Nairobi au wa London anaweza kumjadili Habibu Selemani kama anavyomjadili mshairi yeyote. Tofauti yake na mzee wa Kaisho inaweza isiwe ya ufundi hata kidogo. Ni ya kalamu.

Umeme wa Kagera kwa miaka mingi umetoka Uganda, na sasa kwenye Mto Kagera, kati ya Kikagati upande wao na Murongo, Kyerwa, upande wetu, upo mtambo wa megawati 14 ambao nchi mbili zinagawana. Vijana wa Nkwenda na Kayanga wana kompyuta na programu za kutengenezea biti, na wengine ni hodari. Kayanga ina redio ya jamii, FADECO, inayojua lugha ya watu wake. Kinachokosekana ni nyuzi za kuanzia, na nyuzi hizo zipo: ziko kwenye makasha chini ya vitanda, kwenye mifuko ya rambo, kwenye kabati za kioo pamoja na vikombe vya wageni. Kaseti za harusi, za misiba, za jioni za kawaida mtu alipopita na nanga. Nyingi zina umri wa miaka 30 hadi 40. Ukanda unalika, unanata, unapata ukungu, na nyumba zetu za tope na mvua zetu mbili haziusaidii.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliye Karagwe au Kyerwa na unayesoma haya. Itafute kaseti hiyo. Usiitie kwanza kwenye redio kuukuu, inaweza kuumeza ukanda. Izungushe taratibu kwa kalamu ya risasi, kisha mpe kijana mwenye kompyuta ainakili. Halafu keti na mkubwa wa nyumba, mama mkubwa, babu, shangazi, yeyote aliyekuwepo siku ile, umwulize nani anapiga, mtoto wa nani, wa kijiji gani, mwaka gani, shughuli ya nani, na wimbo unaitwaje. Andika kwenye karatasi, ipige gundi kwenye kaseti, na nakala uitunze mahali pengine. Ukimpa prodyuza sauti hiyo aikate na kuijengea biti, mpe na karatasi.

Babu yangu alifariki mwaka 1994 na sikuwahi kumwuliza. Kama yupo anayemkumbuka mpiga nanga aliyekuwa akitoka upande wa Kaisho kuja kupiga kwenye harusi za Karagwe miaka ile ya 1980, naomba aniandikie jina lake.